Mpunga ukishavunwa, geti la mfereji linafungwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nami nitoe ya moyoni kuhusu maji huku bonde la Usangu, wilayani Mbarali, maana kila mwaka ikifika Septemba Oktoba tunasoma habari ileile, mto Ruaha Mkuu umekauka kwenye Hifadhi ya Ruaha, viboko wamebanana kwenye madimbwi ya matope, samaki wanakufa, halafu wasomaji wanaanza, wakulima wa Mbarali waondolewe, wafugaji waondolewe, umwagiliaji upigwe marufuku. Mi ni mkulima wa mpunga Mbarali, nalima mwisho wa mfereji, na siandiki hapa kukataa kwamba mto unakauka. Unakauka kweli, tangu 1993 unakatika kila kiangazi, na inaniuma kama inavyomuuma mtu mwingine yeyote. Ninachotaka kusema ni kwamba mwezi wa tisa na wa kumi mpunga haupo shambani, ulishavunwa tangu mwezi wa tano, wa sita, wa saba, uko kwenye magunia au ulishaliwa huko Dar. Sasa kama mpunga haupo, maji yanaenda wapi? Yanaenda kwenye mfereji ambao geti lake halijafungwa. Na swali la nani alitakiwa kulifunga silioni likiulizwa na mtu.

Kwa wale ambao Usangu wanaipita tu kwenye basi la Tunduma, niwaeleze kidogo. Mito inashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, kuna Mbarali, Kimani, Chimala, Ruaha wenyewe na mingine midogo midogo, inaingia kwenye tambarare na hapo ndo tunaikinga tunamwagilia, kinachobaki kinaingia Ihefu, ile ardhi oevu, na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Ng'iriama, ambako kuna kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya ule mwamba mto unaendelea kwenda hifadhini, kisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha Rufiji mpaka Bwawa la Nyerere. Yakishuka chini ya mwamba hata shubiri moja hakitoki kitu, hata kama Ihefu kwenyewe bado kuna maji na ndege wamejaa. Ndo maana pale chini mto haupungui mdogo mdogo, unakatika. Na ndo maana maji kidogo tu yanayoingia Ihefu mwezi wa nane yana thamani kubwa kuliko mafuriko ya mwezi wa tatu, kwa sababu ni hayo kidogo yanayoamua kama mwamba utapitwa au hautapitwa.

Sasa mabanio, yaani vile vizuizi vya mtoni vinavyogeuzia maji kwenye mfereji. Umwagiliaji wa mpunga Usangu haukuletwa na mradi wowote wa juzi, Wabaluchi, wahamiaji wenye asili ya Asia, waliuanza enzi za mkoloni, wenyeji wakaujua, watu wakaja kutoka kila mkoa. Banio la zamani lilikuwa la nguzo za miti, mawe, majani na udongo, likivuja kila upande, na kila masika mafuriko yalilibeba, watu wakatoka msaragambo kulijenga upya. Kazi ngumu kwelikweli, na hakuna anayetaka kurudi huko, mi pia sitaki. Lakini lile banio bovu lilikuwa na faida moja ambayo hatukuijua mpaka lilipoondoka, kwamba halikuweza kuuzuia mto wote. Kiangazi maji yalipenya kwenye mawe yakaenda chini, hakuna aliyeamua iwe hivyo, ilikuwa hivyo tu.

Ikaja miradi, tukajengewa banio la zege na geti la chuma, na tulishangilia kwa haki kabisa. Mhandisi amepima mfereji kwa maji ya masika, wakati mto umejaa na watu wote wanavuruga majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vyenye kingo, na kupandikiza, na kwa kipindi hicho kipimo chake ni sahihi. Ila mfereji uleule ukiuacha wazi mwezi wa nane, mto ukiwa umebaki kijito, unauchukua wote. Hauchukui nusu wala robo, unachukua wote, na chini ya banio unaona mawe makavu na mchanga. Na zege halivuji kama majani. Kwa hiyo kitu kilichojengwa ili kitusaidie masika ndo kinachoua mto kiangazi, si kwa sababu ni kibaya, ni kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kukifunga. Mradi ulikuwa na bajeti ya saruji, bajeti ya mtu wa geti baada ya mavuno haikuwepo.

Nikisema geti lifungwe, jirani zangu watanijia juu na wana sababu. Tutakunywa nini? Vijiji vingi vimejengwa kando ya mfereji kwa sababu mfereji ndo bomba letu, wanawake wanachota hapo, watoto wanaoga hapo, ng'ombe wanakunywa hapo, matofali yanafyatuliwa hapo. Ukifunga geti umefunga bomba la kijiji. Kwa hiyo linabaki wazi mwaka mzima, kila mtu anajua, na kila mtu ananyamaza maana hana jibu la hilo swali.

Naomba tupige hesabu pamoja Mhariri, hii hesabu ndo iliyonifanya niandike. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inasema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka kwake. Chukua kijiji cha watu 3,000, hizo ni lita 75,000 kwa siku. Ongeza ng'ombe 2,000, kila mmoja lita 40, ni lita 80,000. Jumla lita 155,000 kwa siku, watu na mifugo wote wameshiba. Sasa chukua mfereji wa kawaida tu, si ule mkubwa wa mashamba makubwa, mfereji wa lita 100 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Huo mfereji unabeba lita 8,640,000 kwa siku. Yaani kwenye kila ndoo 100 zinazotoka mtoni, kijiji na ng'ombe wake hawamalizi hata ndoo 2. Hizo 98 zinazunguka kwenye majaruba matupu, zinaotesha magugu, zinalowesha njia, jua la Usangu linazinywa. Tunautoa mto mzima ili tupate maji ya kunywa ambayo kisima kirefu kimoja au viwili vyenye pampu ya sola na tenki vingeyatoa, tena maji safi, maana haya ya mfereji watoto wanaumwa matumbo na kichocho kila mwaka na hilo ni jambo jingine ambalo lingetosha barua nzima.

Kwa hiyo kisima cha kijiji huku kwetu ni mradi wa kuokoa mto, ila hakuna ofisi inayokihesabu hivyo. Kisima ni cha RUWASA, wakala wa maji vijijini, mfereji na banio ni Tume ya Umwagiliaji iliyoko upande wa Kilimo, mto ni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, hifadhi ni TANAPA, umeme ni TANESCO. Kila mmoja ana kazi yake na wengine wanaifanya vizuri tu. Lakini anayepanga visima anaangalia kijiji kipi kiko mbali na maji, na sisi tulioko kando ya mfereji tunaonekana tuna maji tayari, tunawekwa mwisho wa foleni. Wakati ukiangalia kwa jicho la mto sisi ndo tulitakiwa tuwe wa kwanza. Kikichimbwa kisima kijiji cha kando ya banio, siku inayofuata geti linaweza kufungwa na mto ukapata lita milioni 8 kwa siku. Sijui kama kuna mradi mwingine wa mazingira wa bei hiyo unaoleta maji mengi namna hiyo.

Na wengine watasema, mbona kuna watu wanalima kiangazi? Ni kweli wapo, upande wa Igurusi na Mkoji huko wanalima mahindi, maharage, vitunguu, nyanya, na kule juu milimani kuna vinyungu, bustani za mabondeni. Mi sisemi hao wafungiwe. Kitunguu cha kiangazi ndo ada ya shule ya mtoto, na hao watu kwa kawaida maji yao wanayagawa kwa zamu kali kabisa, usiku na mchana, maana wanajua ni kidogo, kwa kweli ndo wanaotumia maji kwa adabu kuliko sisi wa mpunga. Hao wapewe fungu lao linalojulikana. Ninachopinga ni maji yanayotoka mtoni bila shamba, bila bustani, bila mtu, kwa sababu tu geti lilisahauliwa juu.

Nimetaja fungu, na hapo kuna jambo la vibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya 2009 ni sheria nzuri ukiisoma, inasema matumizi ya nyumbani yaje kwanza, halafu mazingira, mto ubaki na maji yake, ndipo yafuate mengine kama kilimo. Lakini kibali chenyewe kinaandikwa kwa lita kwa sekunde, namba moja, imesainiwa imegongwa mhuri. Mto hauna namba moja. Masika unazo lita kwa maelfu, mwezi wa kumi unazo chache, na vibali vya mabanio yote ukivijumlisha kiangazi unakuta ni vingi kuliko mto wenyewe. Kwa hiyo wa juu anachukua kibali chake kamili kwa haki yake yote ya kisheria, wa pili anachukua kilichobaki, na sisi wa chini tuna karatasi. Mto hauna hata karatasi. Halafu kuna ada, unalipia kila mwaka, na mabanio mengi hayana kipimo cha kuonyesha umechukua kiasi gani, sasa mtu akishalipa anaona maji ni yake, ukimwambia apunguze anakwambia nimelipia, wewe umelipia? Ada iliyoletwa ili watu wabane maji imekuwa sababu ya watu kutobana. Hili watafiti waliofanya kazi Usangu miaka ya 2000 waliliona na kuliandika, si maneno yangu ya kijiweni.

Wazee wetu hawakugawa maji kwa namba. Nendeni Upareni, Same huko, mkaone ndiva. Ni bwawa dogo la udongo, usiku maji ya kijito yanajaa ndani, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, na zamu inajulikana ni ya nani leo na ni ya nani kesho. Kijito kikipungua ndiva inajaa kidogo, na kila mtu anapata kidogo, hakuna anayesema mimi nina lita zangu. Kule Oman ambako watu wengi wa pwani wana ndugu zao, ile mifereji yao ya kale wanayoiita aflaj, ambayo mitano kati yake iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, nayo inagawa kwa muda, fungu lako ni kipindi fulani cha saa, zamani wakipima kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Maji yakipungua kipindi ni kilekile ila kinachopita ni kidogo, na wote wanaumia sawa. Jangwani wameishi hivyo miaka mingi sana. Sisi tuna mto mkubwa na tunagombana.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba vibali vya kiangazi viandikwe kwa mafungu. Mto uliopo siku hiyo, ukiwa mkubwa au mdogo, fungu la kwanza ni la mto wenyewe, linapita lisiguswe, yanayobaki yanagawanywa kati ya mabanio kwa hisa zinazojulikana. Na inawezekana kujenga kwa zege kabisa, kigawio kisicho na geti, chenye midomo miwili iliyopimwa upana, maji yakija yanajigawa yenyewe kwa uwiano huohuo, usiku hakuna wa kuamka kwenda kuiba na hakuna mlinzi wa kuhongwa. Ni teknolojia ya kawaida kabisa, haihitaji umeme wala intaneti. Geti la chuma lenye usukani linampa nguvu mtu mwenye ufunguo, na huku kwetu kwenye vita vya maji watu wamekatana mapanga kwa ajili ya huo usukani.

Nije kwenye masika maana huko nako kuna la kusema. Wataalamu wakija wanatushangaa kwa nini tunajaza majaruba maji mengi kiasi kile, wanatuambia mpunga si samaki. Ni kweli mpunga hauhitaji maji ya kina vile, sehemu ya sababu ni magugu, maji ya kina yanaua magugu. Lakini sababu kubwa ni hofu. Mi nikipata maji leo sijui nitayapata tena lini. Zamu imeandikwa Jumanne, Jumanne inafika mtu wa juu amekinga, Ijumaa geti limeharibika, wiki ijayo mwenyekiti hapatikani kwenye simu. Sasa nikipata maji najaza mpaka juu ya kingo, jaruba langu ndo tenki langu. Na jirani yangu anafanya hivyo hivyo, na wa juu zaidi, na kwa sababu wote tumejaza wa mwisho hapati, na kwa sababu hapati mwakani naye akiyapata atajaza zaidi. Huwezi kuitoa hofu hiyo kwa semina. Inaondoka siku zamu ya Jumanne inapokuja Jumanne, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, hapo mtu mwenyewe ataanza kupunguza kina bila kuambiwa.

Ndo maana pia kilimo shadidi kinasuasua, na nakiamini sana hicho kilimo kwa hiyo nisieleweke vibaya. Kilianzia Madagascar miaka ya 1980, kwetu kimejaribiwa Mkindo kule Morogoro, wenzetu Kenya wanacho Mwea. Unachukua miche michanga ya siku 8 hadi 12, unapandikiza mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, kwa mstari, halafu maji huachi yakae muda wote, unalowesha, unaacha udongo ukauke mpaka unaanza kupasuka nyufa ndogo, unalowesha tena. Ukipanda mbegu ya Saro 5 kwa namna hiyo inachipua mashina mengi mpaka unashangaa, mbegu unatumia kidogo, maji yanapungua na mavuno hayapungui, mara nyingi yanaongezeka. Ila palizi ni nyingi kwa sababu hakuna maji ya kuzima magugu, na wanaopalilia ni akina mama, kwa hiyo skimu ikitaka shadidi inunue zile mashine za kusukuma za kupalilia kabla haijaita semina. Na jambo la pili ni lilelile la zamu, huwezi kukausha jaruba makusudi kama huna hakika ya maji ya siku ya kulowesha tena. Mkulima wa juu anaweza kujaribu. Wa mwisho wa mfereji akijaribu anacheza na chakula cha watoto wake.

Kuna kingine ambacho kinanipa wasiwasi zaidi. Maji yakiokolewa masika, yanaenda wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 eneo la umwagiliaji Usangu lilikuwa dogo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwaka wenye mvua nzuri lilifika hekta zaidi ya 40,000. Mfereji ukisakafiwa kwa saruji, maji yaliyokuwa yanavuja yakabaki, hayarudi mtoni, yanafungua majaruba mapya, na mwenye majaruba mapya naye ana haki ya kula. Tena mengi ya hayo tunayoita maji yanayopotea hayapotei, sisi wa chini tunalima maji yanayotoka kwenye mtaro wa mashamba ya juu, ukiyabana kule juu na kuyatumia hukohuko umemkausha mtu wa chini na umeandika kwenye ripoti kwamba umeokoa maji. Kwa hiyo kila mradi wa kusakafia mifereji uje na jibu la maandishi, maji haya yatakayookolewa ni ya nani, ya mto au ya hekta mpya? Yasipoandikwa kwamba ni ya mto hayatakuwa ya mto. Kilimanjaro waliliona hili kwa njia nyingine, skimu ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Japani ikaanza kazi mwaka 1987, mpunga ukapendeza sana, wakulima wa juu ya banio walipouona nao wakafungua mashamba yao kwenye mto uleule, na skimu yenyewe ikabaki na maji pungufu na eneo la mpunga likashuka. Hakuna aliyekuwa mwizi pale. Mto mmoja uligawiwa kwa upande mmoja na upande mwingine haukuitwa kwenye kikao.

Kuhusu kufukuza watu nitasema kwa kifupi maana linauma. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Sumaye alitangaza akiwa London kwamba ikifika 2010 Ruaha utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao wakaondolewa Ihefu na Usangu, watu wakasambaa mpaka Lindi na kwingineko, wengine mifugo ilikufa njiani. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha kwa lile tangazo la Serikali, GN 28, vijiji vikaingia kwenye mgogoro wa mipaka ambao umetusumbua miaka na miaka. 2010 ikaja ikapita, mto ukaendelea kukatika. Mwaka 2017 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais akaunda kikosi kazi cha kuunusuru mto huohuo. Mi najiuliza kama ng'ombe ndo walikuwa wanaukausha, mbona walipoondoka haukurudi? Ng'ombe walikuwa wanakunywa maji yaliyofika Ihefu. Tatizo lilikuwa na bado liko kwenye maji ambayo hayafiki Ihefu kabisa, yanabaki huku juu kwetu kwenye mabanio, ya wadogo na ya wakubwa. Na tafadhali msisahau wakubwa, mashamba yale ya maelfu ya hekta yana mifereji ambayo wetu ukiusogeza pembeni hauonekani, nayo mageti yake yakaguliwe kiangazi kama yetu, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji tuyasome.

Na kwa watu wa umeme, mgao ukija tusiwe wa kwanza kunyooshewa kidole. Mtera inajazwa na maji ya masika, kijito cha mwezi wa tisa hata kikifika chote hakijazi bwawa la ukubwa ule. Kijito hicho ni cha viboko, samaki, wanyama wa hifadhini na vijiji vilivyoko njiani. Kwao hao ni uhai na inatosha kuwa sababu.

Dunia nzima kilimo kinachukua karibu asilimia 70 ya maji baridi yanayotolewa mitoni, maziwani na chini ya ardhi, kwa hiyo popote maji yanapopungua macho yatamgeukia mkulima, sisi tukubali hilo na tujiandae na majibu. Mvua huku zimekuwa hazieleweki, zinachelewa, zinakuja kwa mkupuo, zinakata mapema. Watu wanaongezeka, walaji wa wali wanaongezeka. Nami nataka kuendelea kulima mpunga, watoto wangu wakitaka nao walime, na nataka mto upite Ng'iriama.

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako, kabla msimu wa mavuno unaokuja haujaisha, RUWASA, Tume ya Umwagiliaji na Bodi ya Bonde wakae meza moja na jumuiya za watumia maji za Mbarali, waje na orodha ya mabanio yote ya zege, moja moja, na mbele ya kila banio iandikwe kijiji gani kinakunywa kutoka hapo, kisima kitachimbwa lini, nani anafunga geti Julai, nani anakuja kukagua Agosti, na anayekuta liko wazi anampigia nani. Nasi wa skimu tutoe mtu wetu na tumlipe kwa michango yetu, mi nitakuwa wa kwanza kuchanga. Vijiji ambavyo visima havitakuwa tayari mwaka huu geti liachwe na upenyo mdogo tu wa maji ya kunywa, upimwe, uchomelewe usifunguke kuzidi hapo mpaka vitalu vya miche vianze Novemba. Kazi ya kuchomelea ni ya siku moja kwa fundi wa Rujewa au Ubaruku, na vyuma vipo.

Ni mimi,
Mkulima wa mpunga, mwisho wa mfereji,
Mbarali, Mbeya